Upande Ambao Kamera Haikuuona

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wako umepata nafuu baada ya kazi ya kumwinua baba kitandani. Mimi mwili u salama. Moyo ndio mgonjwa.

Nimesoma uliyoniandikia: daktari amemkata baba mguu tena, safari hii juu ya goti, na wewe usingizi umekuruka ukijilaumu kwamba hukukisafisha kidonda sawasawa. Naomba unisikilize.

Unakumbuka siku uliyomleta baba kwenye karakana yetu ya miguu ya bandia. Ile kamera iliyofungwa kwenye mkono wa chuma haiambiwi inatazama kitu gani. Hutazama, hutambua wapi hapajaonekana, husogea yenyewe, hutazama tena, mpaka kompyuta ipate umbo zima. Ikakizunguka kigutu cha baba, naye akasema ni mbea kuliko shangazi. Ukatoka unacheka, ukaenda kumtafutia maji.

Ulipotoka, baba akaanza kutetemeka. Kwenye skrini lilibaki doa jeusi, nyuma kwa chini, penye kovu. Mkono ulikuwa ukijipinda upafikie. Baba akaniambia, "Mwanangu, nimechoka. Inatosha."

Nikaizima kamera. Kompyuta ikaliziba lile doa kwa kukisia, pakawa laini kama yai, na mimi nikapitisha. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kikachongwa kwa umbo hilo. Pale palipokisiwa ndipo palipomchubua, pakawa kidonda. Baba akaficha maumivu wiki tatu asinivunje moyo, maana alikwisha kujisifu kwa kila mtu kwamba amevishwa mguu na mwanawe.

Mikono yako haikukosea, dada. Ni mimi. Nilijua siku ileile, na nikanyamaza hata ulipokuwa ukilia kwenye simu. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Wao walimwaga maji tu.

Jana baba alinipigia. Hajui. Alisema kidonda kikipona nije nimpime mimi mwenyewe, hataki kushikwa na mtu mwingine. Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Nisalimie shemeji na watoto. Baba usimsomee barua hii. Au msomee, mimi sijui tena lililo jema.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba