Mama, Ulikuwa Umeuliza Swali Lenyewe

Mama,

Leo tumesoma arobaini yako hapa Mtawanya. Maziko sikuyawahi. Walikuzika mimi bado niko kwenye basi, na nilipofika nilionyeshwa udongo tu.

Nakumbuka likizo ya mwisho. Tulikuwa uani tunamenya mihogo, ukaniuliza nasomea nini hasa. Nikakwambia nyota zimejikusanya makundi makubwa, yanaitwa galaksi, na katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, zito kuliko jua letu mara mamilioni. Ukaweka kisu chini.

"Sasa mwanangu, hilo shimo na hizo nyota, nani kamlea mwenzake?"

Nikacheka. Nikasema, "Mama, hayo huwezi kuyaelewa." Ukaokota kisu, ukaendelea kumenya. Hukuniuliza tena.

Mama, hata walimu wangu wanabishana juu ya hilo hilo. Niliona aibu kusema sijui.

Baada ya dua, mama mdogo Somoe alinivuta pembeni. Kumbe ulikuwa ukiwaambia majirani, "Mwanangu anasomea shimo la huko juu. Kuna jambo lake bado analitafuta, msimsumbue." Ulijua. Ulijua, ukanisitiri.

Nikashindwa kula.

Basi nikakaa mkekani na mama mdogo na wenzake, nikawaeleza. Galaksi inalilisha shimo kwa gesi. "Gesi hii yetu ya Mtwara?" mama mdogo akauliza. Nikamwambia hapana, ni nyingine, ndiyo inayozaa nyota. Shimo likila sana, vinavyolizunguka vinawaka, vinatoa upepo mkali unaoifukuza gesi. Nyota mpya hazizaliwi tena, na shimo lenyewe linabaki na njaa. Ndivyo wanavyokua pamoja, huyu akimlisha mwenzake, huyu akimzuia. Aliyetangulia hatujui. Nilisema hivyo mbele yao wote, sijui, na hakuna aliyenicheka.

Mama mdogo akasema, "Dada leo angekuuliza mpaka magharibi."

Nikalia, Mama. Tangu ufe sikuwa nimelia.

Kesho narudi chuoni. Nakuahidi, yeyote atakayeniuliza, awe bibi kizee au mtoto wa chekechea, nitamjibu hadi mwisho wa ninachokijua, na ninapoishia nitamwambia ndipo ninapoishia. Mola akupanulie huko uliko. Kwaheri, Mama yangu. Nitakuja kupalilia kaburi kabla ya mvua.

Mwanao,
Zuhura