Walimu Hamsini, Kimya

Emmy, ulijua sana kuhamia kituo cha masomo cha Bungoma. Si unamkumbuka Nasambu wa Saboti, amefundisha hesabu miaka ishirini? Jumatatu aliuliza swali moja tu. Mhadhiri wetu mpya akamjibu mbele ya darasa, "Mama, swali kama hilo hata mtoto wa darasa la tatu haulizi." Ati Mama! Mwalimu mkuu mzima!

Tangu siku hiyo hakuna aliyeinua mkono.

Sasa leo. Mhadhiri huyo msomi anatufundisha wastani. Amejumlisha alama za wanafunzi kumi, halafu akagawanya kwa kumi na mbili. Kumi na mbili, Emmy! Walimu hamsini tumeacha likizo zetu kuja kusoma Kitale, na wote tunanakili tu.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!" Tukaitikia kama watoto wa shule kwenye paredi ya asubuhi. Na yeye akatabasamu, bana! Ati tumeiva.

Nikamgeukia Nasambu tucheke. Hakucheka.

"Hivyo ndivyo darasa langu la saba hunijibu kila siku," akasema. "Na mimi hutabasamu hivyo hivyo."