Mkufu wa Rangi za Kisutu

Marahaba, mjukuu wangu Mwanaidi.

Huku Utende bibi yako mzima. Mimi mdogo wake nimechoka tu, mwanangu anaota meno.

Unauliza kama uufumue mkufu wa shanga ulioutunga kwa sababu mwenye duka huko Dar kasema rangi zinapigana? Mimi nikiwa msichana, wageni wa hifadhi ya bahari walipoanza kuja, nilitunga mkufu mwekundu, mweusi na mweupe, kama kisutu, ile kanga ya bibi arusi. Mama wa duka akaukataa.

"Tia bluu. Wageni wanapenda bahari."

"Bahari wanaiona bure."

"Haya, utakula rangi!"

"Nitazivaa."

Nikauvaa mbele yake, nikaondoka shingo juu. Ya tulichokula jioni ile, tuyaache.

Ukiona wewe zinapigana, fumua. Akiona yeye, mwache na macho yake.

Bibi yako mdogo