Kwa Baba, Aliyelaza Gitaa Magotini

Baba,

Nakuandikia nikiwa na pengo mdomoni. Jino la mbele, la juu. Aliyeling'oa si wale waliokuua. Ni mwanao Lokwawi, kwa kitako cha bunduki, uani kwako mwenyewe hapo Lodwar, siku tulipomaliza matanga yako. Ndiyo, kijana wako mpole. Nimeanza na hilo ili ujue barua hii haitakuwa ya kulialia tu. Nina hasira mpaka chakula hakipiti, na nyingine nimekukasirikia wewe.

Nani alikutuma ukae mbele siku ile? Tulitoka Katilu, kwenye harusi, umecheza gitaa mpaka bibi harusi akavua viatu akaingia mchangani peku. Ukasema umechoka, utakaa mbele na dereva unyooshe miguu. Mimi nikabaki nyuma ya pikapu na gitaa, maana sheria yako ilikuwa gitaa likae na mtu, si na mizigo. Tulipofika kwenye laga, ule mto mkavu, dereva akapunguza mwendo ili avuke mchanga. Hapo ndipo walipotumiminia risasi.

Sikusikia mlio kwanza. Niliona kioo kikiwa vumbi. Dereva akaangukia usukani na honi ikalia bila kukoma. Nikajilaza chini, vyuma vinatobolewa pande zote, na risasi moja ikapita kwenye sanduku la gitaa juu ya kichwa changu, nyuzi zikapiga kelele humo ndani. Kisha wakaja. Waliniona nimefunikwa na vioo na damu wakadhani nimekwisha. Wakachukua simu, wakachukua viatu vyako, wakachukua mbuzi tuliyepewa na watu wa harusi, wakaondoka. Hawakukimbia, Baba. Walitembea, wakiongea mambo yao. Hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo.

Nikakuvuta nje. Damu yako ilikuwa moto. Sikujua damu ya mtu huwa moto hivyo. Ulitaka kusema kitu, likatoka povu jekundu. Watu wote nimewaambia uliomba Mungu, kwa sababu Mama alikuwa anataka kusikia hivyo. Hukuomba. Ulinitazama kwa hasira, kama mtu aliyezimiwa stima katikati ya wimbo, halafu ukawa hunitazami tena. Nilikupiga kofi, nisamehe. Nilidhani utaamka.

Haya, habari za huku. Ulijaza watu! Walikuja wapigaji kutoka Kitale, Eldoret, mpaka Nairobi, na kofia zao za kauboi na buti, jua la Lodwar likawaadhibu vizuri. Yule wa Eldoret uliyezoea kumwita mwizi ndiye aliyelia kuliko sisi wote. Alisimama kaburini akasema kila anayelaza gitaa magotini nchi hii na kulitelezea kwa chuma, alijifunza kwako au kwa mtu aliyejifunza kwako. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza, mbona hamkusema alipokuwa hai? Mlikuwa mnamwita "yule Mturkana wa vidole viwili" mkicheka, mkienda kurekodi milio yake. Nilitaka kumtia mtu ngumi. Mama akanishika mkono.

Sasa wanaandaa tamasha la kukuenzi, huko huko Lodwar. Wanataka niketi mbele nicheze nyimbo zako. Wananiita binti wa Chuma.

Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema ulivyoanza, kwa hiyo niliwasimulia mimi. Kwamba ulikuwa kijana wa mifugo, na siku wezi wa mifugo walipokuja kumchukua maksai wako Lomeri, yule wa madoadoa uliyempenda kuliko mabibi wote, ulipigana nao na risasi ikabeba vidole vyako vitatu vya mkono wa kushoto. Kwamba ulilazwa hospitali na huko ukasikia redio ya muuguzi ikicheza muziki wa kantri, na chombo kimoja kikalia ndani yake, ukauliza, "Huyo mnyama ni nani?" Wakakucheka. Wakakueleza ni gitaa, mtu amelilaza, hahitaji vidole vya kubonyeza, anateleza na chuma tu. Ulisema siku hiyo ndiyo uliyopona.

Gitaa lenyewe ukalitengeneza Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mbao za masanduku ya misaada na waya za breki za baiskeli, na yule Msomali wa malori akakupa pini ya pistoni iwe chuma chako cha kutelezea. Wakongo wa kambini wakaja kukusikiliza, Wasudani wakaja. Walikuuliza mbona unacheza muziki wa wazungu wa Amerika. Ukawajibu, "Wazungu gani? Hawa ni wachungaji. Sikiliza: ng'ombe, pombe, bibi ameondoka, Mungu nisaidie. Hiyo si Turkana?" Nilipowasimulia hilo matangani watu walicheka, hata Mama.

Sikuwasimulia makovu ya bega lako la kulia. Wazee wanajua, na vijana wanaona kwa wazee wengine, kwamba mwanamume hachanjwi pale bila kuua mtu. Wewe ulivaa shati hata ukioga lagani. Nilikuuliza mara moja nikiwa mdogo, ukanipa chuma ukaniambia, "Usibonyeze. Tembeza." Basi nikatembeza.

Ndiyo maana nilishangaa vile Lokwawi alikuwa anajua kila kitu. Kwamba una makovu. Kwamba wimbo wa Lomeri una kipande cha mwisho usichokicheza harusini. Vipande vingine Turkana nzima wanavijua: kusifu pembe, kumwita majini, kumtafuta malishoni. Lakini kile cha mwisho, kinachouliza nani atamrudisha, wanaume wakikisikia wanaokota silaha na kuondoka, na hawarudi mikono mitupu. Ulinifundisha mara moja tu, mlango umefungwa, ukasema hicho ni cha kujua, si cha kucheza.

Siku ya kumaliza matanga, vichwa bado vinang'aa kwa kunyolewa, waliingia uani na bunduki. Marafiki wa Lokwawi, na Ebei pamoja nao, Ebei wetu wa ngoma, aliyekupigia tangu alipojua kushika vijiti. Pikapu ilikuwa inangoja nje. Walitaka kwenda kule kwenye laga, wafuate nyayo, waue wa kwanza watakayemkuta wa upande ule, wa wale tunaoibiana nao mifugo. Wa kwanza, Baba. Hata akiwa mama anateka maji. Na wazee wakasema sawa, lakini kijana haendi kulipiza kisasi cha baba bila wimbo wa maksai wa baba, kwani akienda hivyo risasi zitamwona. Na wimbo ule kwa gitaa lako, aliyebaki kuujua ni mimi.

Nikakataa. Lokwawi akasema, "We Akiru, cheza. Ama ulikuwa unampenda na mdomo tu?" Nikamwambia akitaka kufa aende akafe kimyakimya, asinitumie mimi kama tarumbeta. Ndipo akanipiga. Nikaanguka, nikatema jino na damu kwenye mchanga wako, na wanaume wakanitazama tu. Ebei peke yake ndiye aliyeangalia chini.

Nisikudanganye. Sikukataa kwa wema. Na mimi nataka wafe. Naota nikiwaua, naota nikitembea polepole nikiongea mambo yangu kama wao walivyofanya. Nilikataa kwa sababu tulikuwa tumetoka kukuzika, na Mama amezaa wana wengi akabakiwa na huyu, mjinga, mwenye hasira, asiyejua hata kufyatua vizuri. Wangemrudisha kwenye blanketi. Hilo tu. Sikuwa nawaza amani.

Nikaamka. Nikaketi. Nikalaza gitaa magotini, nikafuta damu kidevuni, nikaanza wimbo wa Lomeri.

Unajua wanaume wetu. Wimbo wa maksai ukianza, mikono lazima ipande juu iwe pembe za mnyama, huwezi kuisimamisha. Na huwezi kuwa pembe na bunduki mkononi. Wakaziweka chini, wote, ukutani na mchangani, wakaruka. Vumbi likapanda. Nikasifu pembe. Nikamwita majini. Nikamtafuta malishoni. Na nilipofika pale pa kuingia kipande cha mwisho, nikarudisha chuma nyuma, nikamwita tena majini. Wakaendelea kuruka. Nikarudi tena, na tena. Mdomo unavuja damu juu ya nyuzi, chuma kinateleza vibaya, naenda hivyo hivyo. Mzee mmoja akanigundua. Akaniinamia akasema, "Hiyo wimbo iko na mwisho, msichana." Nikamwambia, "Ngoja, mzee, ng'ombe hajanywa."

Baba, wakati huo Mama akatoka jikoni. Huyu Mama ambaye hajawahi kukupandishia sauti. Akapita katikati ya wanaume wanaoruka, akaokota bunduki ya Lokwawi, na macho ya mtoto yamefungwa na mikono yake juu, akaibeba kama kuni mpaka nyuma ya nyumba, akaitumbukiza chooni. Kwenye shimo. Kisha akarudi akasimama mlangoni, akamwambia, "Haya. Kaichukue."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka na mdomo umejaa damu, na hilo ndilo lililomtia Lokwawi wazimu. Hakumgusa Mama. Aliliendea gitaa. Alinipokonya akalipiga kwenye jiwe la kusagia mpaka mbao zikaachana, akalikanyaga, akalia, akalikanyaga tena. Waya za nyuzi zikamchana mguu. Hakuacha.

Wale wengine wakaokota silaha zao. Wimbo ulikuwa umevunjika kabla ya mwisho, na wazee wakasema basi, hakuna kwenda. Wengi walitii. Lakini wachache walikuwa wameshapanda pikapu, na Ebei akapanda nao. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake na jina la baba yake. Alinipungia mkono.

Walimrudisha kwenye blanketi. Nilienda kumwona kwa sababu mama yake alitaka nimwone. Uso haupo, Baba. Nilimtambua kwa mikono, kwa zile sugu za vijiti vya ngoma. Yule mama hakunipiga wala hakunitukana, ningependa angenipiga. Alisema tu, "Wako ulimshika na wimbo. Wangu je?"

Wewe ungemjibu nini? Kwamba bunduki zilikuwa nyingi na Mama ana mikono miwili? Hiyo ndiyo kweli, na ukimwambia mama aliyefiwa ni kama kumtemea mate. Watu wa tamasha wanasema mimi ni shujaa, wanataka niieleze hadithi jukwaani, gitaa lililozuia vita. Nimewaambia wakiisema hivyo mbele ya mama Ebei nitawavunjia maikrofoni kichwani. Halikuzuia vita. Lilimzuia Lokwawi.

Sasa niko Kakuma. Nimeleta vipande vyako kwenye gunia kwa yule fundi Mkongo wa kambini, mliyekuwa mkibishana naye juu ya mbao. Amevipanga mezani, amegusa tundu la ile risasi, akasema, "Hii haiyakufa, mama," yaani bado li hai. Anataka kuliziba tundu. Nimekataa.

Na aliyebeba gunia kutoka steji ya matatu mpaka hapa ni Lokwawi. Hajanisemesha tangu siku ile na mimi sijamsemesha, sijamsamehe, nikipitisha ulimi kwenye pengo namchukia upya. Lakini fundi akisema shika, anashika. Akisema vuta, anavuta waya mpaka mishipa inamsimama, anatoa machozi na makamasi, anajifuta kwa bega. Hivi ninavyoandika ameshikilia shingo ya gitaa lako gundi ikauke, na ameambiwa asitikisike, na hajatikisika.

Kwenye tamasha nitacheza. Lakini kabla ya hapo nitaenda kwa mama Ebei, niketi mchangani uani kwake, nicheze bila ngoma, mpaka yeye aseme imetosha. Asiposema nitaendelea.

Nenda salama, Baba, mpiga chuma. Kama kuna mahali unatazama njia, mpokee Ebei, yuko karibu kufika na hajui watu huko. Lokwawi usimngoje. Nitamficha, nitamfunga, nitapigana naye mpaka meno yaniishe, lakini kwako haji sasa. Hilo nakuahidi.

Mwanao,
Akiru