Kijiti Kwenye Ukingo wa Wadi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kile kikohozi cha alfajiri kimekuacha? Mimi ni mzima, ingawa nusura nisiwe, na ndiyo sababu naandika. Kwenye simu nikigusia habari ya kuhama unaniuliza nimekula nini. Barua huwezi kuikatiza. Kaka Dhadho akusomee yote, asiruke mstari.

Mwaka huu nilipata likizo ya siku kumi na nne na sikuja. Nisikufiche, nilikuwa na uchungu. Nyumba ya Minjila, mbali na mafuriko, nimeijenga kwa miaka sita ya kufua mashuka ya hoteli hapa Doha, vyumba vitatu, na wewe ukalala humo usiku mmoja tu, ukarudi kijijini Hewani, kando ya Mto Tana. Nikaona nikija tutagombana. Basi nikaenda Oman kutembea kama watalii wengine, pamoja na Halima, binti wa yule mama muuza maziwa wa Garsen, ninayekaa naye chumba kimoja. Tukakodi gari, nikaendesha mimi.

Huko, kama hapa Doha ambako siendeshi, wanashika kulia, na usukani uko kushoto. Kila nikitaka kuonyesha kwamba nakata kona, waipa zinapangusa kioo kikavu, na Halima anacheka mpaka machozi. Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri, sikatai.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, tulifika mahali barabara inapokatiza mto mkavu. Wao huuita wadi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji yanapita juu ya lami, na magari sita yamesimama upande wetu. Nikafanya ulivyonifundisha: nikachomeka kijiti pale maji yalipoishia, nikakaa kukitazama. Baada ya dakika ishirini na tano maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua mbili. Wewe na mimi tunajua, Tana ikianza kushuka haipandi tena siku hiyo hiyo.

Halima hakuwa akitazama maji, alitazama mbuzi wa watu mlimani. "Rehema, mbuzi wote wamepanda juu," akasema. "Hata wale wadogo. Ngoja kidogo."

"Hapa si mnadani," nikamwambia. "Mambo ya mifugo ni yako. Ya maji niachie mimi."

Akafunga mkanda, nikaliingiza gari majini. Tulikuwa katikati niliposikia mngurumo kama lori linalomwaga kokoto. Maji yalikuja yamesimama, rangi ya chai, na mawe ndani yake. Injini ikazima. Gari likasukumwa mpaka kwenye nguzo ya zege, tukatokea dirishani, wanaume wawili wakaturushia kamba. Tulipogeuka, gari lilikuwa limeshabiruka. Tangu mngurumo mpaka hapo sidhani zilipita dakika tatu.

Mkono wa kulia wa Halima ulivunjika mahali pawili. Kila asubuhi namfunga mtandio, kisha mimi naenda kazini na yeye anabaki. Hajanitukana. Neno moja tu alisema, tukiwa hospitalini: "Wengine huingia majini kwa kutoyajua. Wewe umeingia kwa sababu unayajua."

Nilikuwa nakufikiria wewe.

Kaka ameniambia umeshachomeka kijiti chako nyuma ya jiko, na kila ukiambiwa uhame unasema maji bado yako mbali. Najua hakijawahi kukudanganya. Changu pia hakikusema uongo. Maji yalishuka kweli. Lakini mto uliokufundisha ulikuwa wa mvua peke yake. Siku hizi huko juu kuna bwawa, likijaa linafunguliwa, na kijiti hakipigiwi simu.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Kaka, na mchungaji anayekuja kukuombea goti. Ukipata mtu wa kwenda Garsen, salamu zangu zimfikie mama wa maziwa. Habari za mkono ameshaambiwa na bintiye. Aambiwe na mimi kwamba kosa lilikuwa langu, na mbuzi walisema kweli.

Ufunguo wa Minjila uko kwa Kaka. Hama na kijiti chako, Mama. Kichomeke pale mlangoni, kwenye mchanga. Nikija nikikikuta kikavu, sitasema neno.

Mwanao,
Rehema