Nguo Uliyowauzia Askari

Likoni, 9 Agosti 1944

Kwa mpwa wangu Thoya,

Salamu zako nimezipata. Huku mvua imekoma na muhogo umekubali.

Nguo uliyoikata kwenye kitanda changu cha kufumia na kuwauzia askari haikuwa pazia. Ilikuwa sanda ya mama yako. Aliniagiza mwenyewe, nikaifuma miezi minne. Kila asubuhi huniuliza, "Kaka, umemaliza?" Nami, mzee mzima, humdanganya.

Nyuzi nyingine ninazo. Kuzitanda kwahitaji watu wawili, na aliyekuwa akinishikia upande wa pili ni yeye, ambaye sasa hawezi hata kuketi. Jumamosi utazishika wewe, mbele yake. Akiuliza kwa nini tunaanza upya, utamjibu wewe.

Mimi mjomba wako,
Erastus Baya