Futa Sauti Yangu Kwenye Simu

Kwako Nyangeta, mjukuu unayejiita mchoraji wa kompyuta,

Mimi nina miaka themanini na nne. Nimewazika ndugu zangu wote, na yule daktari wa Musoma aliyesema sifiki Krismasi nimemzika pia. Kwa hiyo usidhani nitanyamaza.

Maneno ya Kizanaki nilikupa mimi, ukanirekodi, ukayachorea picha za kwenye simu huko ofisini kwenu Bunda. Hapa Butiama hakuna mwingine anayeyajua yote. Jana watoto wa kaka yako walibonyeza picha ya ng'ombe, simu ikasema kwa sauti yangu, na mimi nimekaa hapohapo. Nikawaambia, "Niulizeni mimi." Wanzagi akajibu, "Babu, wewe unagombezaga. Simu haigombezi."

Mahindi yameungua na jua. Mbuzi mweusi amezaa.

Zamani ulikuwaga unanipigia kila Jumapili, "Babu, hiki kinaitwaje?" Tangu uniweke humo ndani hujapiga. Mke wangu gani wewe. Ifute hiyo sauti. Ukitaka neno, piga.

Ukidhani simu yangu imezima, muulize jirani yangu Baltazari. Yeye ndiye ananichajiaga simu kila Jumamosi.

Ni mimi babu yako,
Magoto